Mchezaji Akinyamaza: Mwongozo kwa Makocha, Wazazi na Wachezaji wa Karagwe na Kyerwa

Tarehe 8 Novemba 2009 kipa Robert Enke alidaka dakika zote 90, Hannover ikitoka sare ya 2–2 na Hamburg. Siku mbili baadaye alijiua. Kesho yake mkewe, Teresa, alikaa mbele ya waandishi wa habari akaeleza kwamba mumewe alikuwa akiugua sonona kwa miaka, na kwamba aliificha kwa kuogopa kupoteza kazi yake na kunyang'anywa binti waliyekuwa wamemuasili.

Kocha wa Nkwenda au Kayanga anaweza kuuliza Ujerumani inamhusu nini. Inamhusu kwa jambo moja: Enke alikuwa na klabu kubwa, madaktari na mshahara mnono, na bado wengi waliokuwa naye uwanjani hawakugundua kitu. Mchezaji mwenye sonona anaweza kudaka, kufunga na kukimbia vizuri kwa muda mrefu. Ukisubiri kiwango kishuke ndipo uanze kuuliza, utachelewa.

Haya nimeyaandika kwa kocha na mwalimu wa michezo, kwa mzazi au mlezi, na kwa mchezaji mwenyewe. Daktari ana vitabu vyake.

Utaitambuaje sonona uwanjani

Huzuni ya kufungwa si ugonjwa. Timu ikipoteza fainali Jumapili, Jumatatu kila mtu ana uso wa msiba, na ikifika Jumatano wameshaanza kutaniana. Kinachopaswa kukushtua ni hali inayodumu wiki mbili au zaidi, karibu kila siku: moyo mzito, au kutovutiwa tena na vitu alivyovipenda. Humo utakuta pia usingizi uliovurugika, chakula kisichopita au kinachopita kupita kiasi, uchovu usioisha kwa kupumzika, kujilaumu, kushindwa kutuliza akili, na mawazo ya kifo.

Lakini hakuna mchezaji atakayekuja kukusomea orodha hiyo. Utakachokiona ni winga aliyezoea kufika wa kwanza, sasa anafika wenzake wakiwa wanamaliza kupasha misuli. Anafunga kamba za njumu, anazifungua, anazifunga tena. Pasi ikipotea anainua mkono kuomba radhi hata pale kosa ni la mwenzake. Wenzake wakishuka Omurushaka kunywa soda, yeye ana shughuli nyumbani. Kwa vijana wa kiume mara nyingi ugonjwa huu hautoki kwa machozi, unatoka kwa hasira: anagombana na mwamuzi kwa kurusha mpira tu, anachukua kadi za kipuuzi, anamtukana mdogo wake wa timu. Kwa wengine unatoka kwa maumivu yasiyo na jeraha, mgongo leo, tumbo kesho, kichwa keshokutwa.

Majina tunayowapa watu wa namna hiyo tunayajua. Ana maringo tangu aitwe kambi ya mkoa. Amepata mwanamke. Mvivu. Amelogwa. Kila jina kati ya hayo linamfungia mlango, kwa kuwa mwenye maringo hutengwa, mvivu huchapwa raundi za ziada na aliyelogwa hupelekwa pasipohusika.

Kabla hujasema ni akili, pima mwili. Hilo nalisisitiza kwa eneo letu. Malaria ya mara kwa mara, upungufu wa damu, minyoo, na brusela kwa wanaokunywa maziwa ambayo hayajachemshwa, vyote vinaweza kumfanya mtu awe mchovu, mzito na asiye na hamu. Msichana anayekimbia sana na kula kidogo hadi hedhi ikakata miezi kadhaa, mwili wake unatumia nguvu nyingi kuliko anazoingiza, na hali hiyo huharibu mifupa pamoja na moyo wa mtu. Aliyegongwa kichwa langoni, ulingoni au kwenye ajali ya bodaboda, akabadilika tabia katika wiki zilizofuata, aonwe na daktari kwa sababu hiyo hasa, hata kama siku ile alinyanyuka akaendelea. Na kuna mazoezi yaliyopitiliza: kijana analima tangu alfajiri, anaendesha boda mchana, jioni unamkimbiza mlima wa Bugene. Huyo anahitaji kulala kabla ya kuhitaji hotuba.

Nyakati za kumtazama kwa jicho la pili

Majeraha ndiyo yanayoongoza. Goti likienda, mchezaji hapotezi mguu tu. Anapoteza saa kumi jioni yake, marafiki zake, jina lake la utani na ile hela ndogo ya ndondo. Timu nyingi huku humtembelea majeruhi mara moja, zikampelekea sabuni na sukari, basi. Mwezi wa pili hakuna anayeuliza, na mwezi wa pili ndio mgumu.

Wakati mwingine ambao hatuutaji kabisa ni baada ya mafanikio. Fikiria binti wa kidato cha tatu kutoka Kaisho aliyechaguliwa kwenda UMISSETA, michezo ya shule za sekondari. Amepita kata, amepita wilaya, ameingia kambi ya mkoa Bukoba, amevaa traksuti yenye neno Kagera mgongoni, amesafiri mkoa ambao hajawahi kuuona na kusikia jina lake likitangazwa kwenye kipaza sauti. Kisha basi linamshusha usiku. Asubuhi yuko migombani, na Jumatatu yuko darasani akidaiwa mazoezi ya hesabu ya wiki zote alizokosa. Michael Phelps, mwogeleaji wa Marekani mwenye medali 28 za Olimpiki, amesema hadharani kwamba alikuwa akianguka katika sonona baada ya Olimpiki. Kama mtu mwenye medali 28 alianguka aliporudi nyumbani, huyu wa Kaisho aliyerudi bila medali aulizwe hali yake. Mwalimu wa michezo, andika kwenye kalenda yako tarehe ya wiki moja baada ya timu kurudi, na siku hiyo zungumza na kila mmoja aliyesafiri. Ongea pia na mwalimu wa darasa ili apewe muda wa kufidia masomo.

Kuachwa kwenye kikosi nako kunaumiza, lakini namna ya kumwacha mtu inaumiza zaidi. Mchezaji asijue kwa kusoma orodha iliyobandikwa au kutumwa kwenye kundi la WhatsApp. Mwite, mwambie sababu, mwambie nini kinaweza kumrudisha.

Halafu pesa. Kagera Sugar iliposhuka kutoka Ligi Kuu mwisho wa msimu wa 2024/25, wengi wetu tulizungumzia pointi. Kwa mchezaji, kushuka daraja ni mkataba, kodi ya nyumba, na wadogo zake wanaosubiri ada. Kwenye ligi za chini huku kwetu hali ni hiyo hiyo kwa kipimo kidogo. Siku hizi imeongezeka mikeka ya kubeti. Shabiki aliyechanikiwa mkeka anamtumia beki matusi usiku kucha kana kwamba yule kijana alimwibia mfukoni. Nahodha, simamia kundi la timu: anayetukana mchezaji atolewe, na wiki ya kipigo kikubwa kundi lifungwe kwa siku mbili tatu. Nao wachezaji wenyewe wanaobeti wanakopeshana, wanafichana, wanadaiana. Deni la kubeti ukilisikia kwa kijana aliyenyamaza, usilichukulie kama utundu.

Kuhusu Akhwari

Kila mtoto wa Tanzania amesimuliwa habari za John Stephen Akhwari. Oktoba 1968 Mexico City alianguka katikati ya marathoni, goti likaumia, akafungwa bandeji akaendelea, akaingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya mshindi Mamo Wolde, akamaliza wa 57 na wa mwisho. Ni hadithi ya heshima na namheshimu mzee wetu. Lakini nadhani tumeitumia vibaya. Tumewafundisha watoto kwamba anayesimama katikati ya safari ni msaliti. Akhwari alikuwa amebakiwa na kilomita kadhaa na mwisho wake ulikuwa unaonekana. Mtu mwenye sonona hauoni mstari wa mwisho, na kumwambia akaze ni kumwongezea safari.

Weka kando yake habari za Simone Biles. Kwenye Olimpiki ya Tokyo, mwaka 2021, alijitoa katikati ya fainali ya timu ya jimnastiki kwa sababu akili yake haikuwa ikiwasiliana na mwili akiwa hewani. Walimsema sana. Siku chache baadaye alirudi kwenye kifaa kimoja akachukua shaba, na Paris 2024 akaondoka na dhahabu tatu na fedha moja. Wachezaji wako wasimulie zote mbili.

Namna ya kuanza mazungumzo

Usimwite mbele ya wenzake, wala usimwite ofisini. Tembea naye. Barabara ya kurudi kutoka uwanjani inafaa kuliko kiti, maana hamtazamani usoni. Taja ulichokiona, usitaje ugonjwa.

“Mdogo wangu, wiki ya tatu hii unafika mwisho na unaondoka wa kwanza. Sijakuita kukugombeza. Nini kinakusumbua?”

“Niko poa, kocha.”

Hapo ndipo wengi wetu tunapoishia, tukapiga bega la kijana tukaenda zetu. Endelea.

“Sawa. Unalala?”

“Nalala kidogo.”

“Kidogo kama saa ngapi?”

“Naamka saa nane, basi, mpaka kunakucha.”

“Na ukiamka unawaza nini?”

Kisha nyamaza wewe. Ukimya wa dakika nzima unachosha, uvumilie. Akianza kusema, usimwambie wenzake wana shida kubwa zaidi, usimpe hadithi ya wewe ulivyovunjika mguu mwaka fulani, usimwahidi namba kikosini. Mwambie umesikia, mwulize ni nani nyumbani anayemwamini, na mkubaliane siku ya kuzungumza tena. Alichokuambia kisifike kwenye benchi la ufundi bila ruhusa yake. Siri inavunjika pale tu uhai wake uko hatarini, na hilo mwambie mapema.

Mzazi ana kazi ngumu zaidi, kwa sababu nyumbani kuna watu wengi wenye maoni. Babu atasema ni mizimu, shangazi atasema ni yule binti, baba atasema ni uvivu wa kukwepa jembe. Sitakukataza kumwita padri, mchungaji au shehe. Sala na watu wa jumuiya kumtembelea mgonjwa vina nguvu yao, na kiongozi mwelewa humhimiza mtu aende hospitali. Ninachokuomba ni kwamba asikatazwe dawa wala chakula, asifungwe, asichanjwe, na asinyweshwe mchanganyiko ambao hamjui kilichomo. Rubisi nayo ina mahali pake harusini na msibani, ila kijana mwenye sonona anayekunywa ili alale ataamka saa nane usiku akiwa mzito kuliko jana. Usimtume dukani kununua konyagi ya “kupunguza mawazo.”

Kwenda hospitali

Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, hasa kama mna bima inayohitaji barua ya rufaa. Kwa Karagwe hospitali za Nyakahanga na Nyakaiga zinajulikana, kwa Kyerwa ipo Isingiro, na ngazi ya mkoa ni Hospitali ya Rufaa Bukoba. Kesi ngumu hupelekwa Bugando, Mwanza. Kabla ya kutoa nauli piga simu au mtume mtu aulize mtoa huduma wa afya ya akili anakuwepo siku gani. Namba 199 ya Wizara ya Afya haitozi fedha. Kwa mtoto ipo 116.

Ukifika dirishani sema wazi. Ukisema “anaumwa kichwa,” utapewa panadol na kuondoka. Sema: “Wiki nne hali chakula vizuri, halali, hataki mazoezi, na anasema maisha hayana maana.” Mwambie daktari pia kwamba mgonjwa ni mwanamichezo, anafanya mazoezi mara ngapi, na kama kuna mashindano yanakuja.

Kwa sonona nyepesi, ushauri nasaha na kupanga upya siku vinaweza kutosha. Ikiwa nzito, huongezwa dawa, na mbili utakazozisikia sana ni fluoxetine na amitriptyline. Hazifanyi kazi kesho yake. Nafuu huanza baada ya wiki mbili hadi nne, wengine hukawia zaidi, na wengi huacha wiki ya kwanza wakisema haziwasaidii. Amitriptyline huleta usingizi, kinywa kukauka na moyo kwenda mbio, hivyo mwanariadha asishangae mapigo yakipanda, aseme kwa daktari na asikimbie jua kali. Akishapona huendelea na dawa miezi kadhaa, tena haziachwi ghafla. Wanaoogopa vipimo vya dawa zilizopigwa marufuku michezoni wajue kwamba hizo mbili hazimo kwenye orodha ya WADA. Bangi imo, ukipimwa wakati wa mashindano.

Akitaja kifo

Ukisikia “bora nisingekuwepo,” au ukaona kijana anagawa jezi na viatu vyake, uliza moja kwa moja: “Unafikiria kujiua?” Swali hilo halimpandikizii mtu wazo. Wengi hushusha pumzi kwa kuona hatimaye kuna aliyethubutu kuuliza. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake hata kwenda chooni mbali. Dawa za kunyunyizia kahawa na nyanya zifungwe kwa kufuli, funguo akae nazo mtu mwingine. Dawa zake za hospitali zitunzwe na ndugu na apewe dozi ya siku. Hospitali ni siku hiyo hiyo, usiku au mchana.

Hapa kuna hofu ya sheria. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 217, inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa, na familia nyingi humficha mgonjwa ndani kwa sababu hiyo. Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu cha kwao cha namna hiyo kinapingana na katiba; kwetu bado kipo. Lakini kuwa na mawazo ya kujiua si kosa, na kumpeleka mtu hospitali hakumtii hatiani. Aliyekwisha kujidhuru naye aanze na hospitali. Mengine yatazungumzwa akiwa hai.

Kumrudisha

Nikiulizwa kosa kubwa la makocha wetu, nitasema ni kumwambia kijana “pumzika, ukipona utatuambia.” Umemtoa kwenye kitu pekee kinachompangia siku. Mpumzishe mashindano, usimpumzishe watu. Aje mazoezini mara mbili kwa wiki bila kuhesabiwa dakika, apewe kazi halisi: kufundisha watoto wa chini ya miaka 12, kuandika takwimu, kusimamia maji na mipira. Mpangie kurudi kama ungempangia mwenye goti: wiki hii kukimbia taratibu, wiki ijayo mazoezi nusu, kisha dakika 20 za mechi isiyo na pointi, na ruhusa ya kurudi hatua nyuma bila maelezo. Wenzake wanahitaji sentensi moja tu kutoka kwako, ile mchezaji mwenyewe aliyoikubali. “Alikuwa anaumwa, anaendelea vizuri” inatosha.

Na wewe mchezaji unayesoma haya kwa siri: huna haja ya kumwambia kila mtu. Chagua mmoja. Kama mdomo mzito, mtumie ujumbe wenye maneno matatu, “Sijisikii vizuri, tuonane.” Amka na utembee nje kila asubuhi hata kama hujalala, kula hata bila hamu, weka simu mbali saa za usiku, na usifanye uamuzi mkubwa mwezi huu, iwe kuacha mpira, kuacha shule au kuuza pikipiki.

Kwa wasichana na wanawake wanaokimbia

Hapa kuna jambo ambalo ushauri nasaha peke yake hauliponyi: ukatili. Septemba 2021 Mkenya Agnes Tirop aliweka rekodi ya dunia ya kilomita 10 barabarani kwa mbio za wanawake pekee, dakika 30 na sekunde 1. Mwezi uliofuata aliuawa kwa kisu nyumbani kwake Iten, na mumewe akashtakiwa. Rebecca Cheptegei wa Uganda alikimbia marathoni ya Paris Agosti 2024; mapema Septemba alimwagiwa petroli na kuchomwa moto na mwanamume aliyekuwa mwenza wake, akafia hospitali Eldoret. Kwa Cheptegei kulikuwa na ugomvi wa kiwanja.

Baada ya Tirop wanariadha wenzake walianzisha kundi la Tirop's Angels, linalowasaidia wasichana wanaodhulumiwa. Ukubwa wa Eldoret hauhitajiki kufanya kitu kama hicho. Wachezaji watano wa netiboli Kihanga wanaweza kukubaliana kwamba mmoja akituma neno fulani, wengine wanakwenda kwake mara moja wakiwa wawili wawili.

Kwa hiyo msichana akinyamaza mazoezini, usiishie kuuliza kama analala. Uliza nani anashika simu yake, zawadi ya mbio ilikwenda kwa nani, laini ya pesa imesajiliwa kwa jina la nani. Uliza kama kocha au “mfadhili” anamtaka alale kwake kabla ya safari. Laini na akaunti viwe kwa jina lake, na kwa aliye chini ya miaka 18 awepo mlezi anayeaminika. Kambi ya wasichana iwe na mwalimu wa kike anayelala humo. Akisema anapigwa au anaguswa, mpeleke Dawati la Jinsia na Watoto la polisi na kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya, na umsindikize mwenyewe hadi ndani, kwa kuwa akiambiwa aende peke yake ataishia getini.